Upatanisho wa Kisarufi katika Maandishi ya Wanafunzi wa Lugha ya Pili: Kiswahili cha Masisi na Funzo la Kiarabu

Mapokeo ya wanazuoni wa Kiarabu husimulia kwamba Sibawayhi, Mwajemi aliyesoma Basra katika karne ya 8, alikuwa mwanafunzi wa hadithi kabla ya kuwa mwananahau. Siku moja, mbele ya mwalimu wake Hammad bin Salama, alilitia jina lililofuata neno laysa irabu isiyostahili, akakemewa papo hapo kuwa ameiharibu lugha. Aliona haya, akaapa kutafuta elimu ambayo hakuna atakayeweza kumkosoa kwayo. Matokeo yake ni al-Kitab, msingi wa nahau ya Kiarabu hadi leo. Kisa hiki kiwe cha kweli au kiwe kimetiwa chumvi na wapokezi, jambo moja ndani yake halina ubishi: kitabu kikuu cha sarufi ya Kiarabu kiliandikwa na mtu ambaye Kiarabu hakikuwa lugha ya nyumbani kwao.

Kiswahili nacho kilipokea kutoka kwa Kiarabu maneno matatu ya elimu hiyo, kikayabadilisha yote. Nahau, iliyokuwa elimu ya muundo wa sentensi, imekuwa jina la semi. Sarufi, iliyokuwa elimu ya maumbo ya maneno peke yake, imeimeza elimu nzima. Irabu, iliyokuwa mabadiliko ya mwisho wa neno kwa kadiri ya kazi yake katika sentensi, imekuwa vokali. Hakuna mwanaisimu anayedai kwamba Waswahili walikosea. Inakubalika kwamba lugha inapohama watu wake huipanga upya. Makala haya yanauliza kwa nini ukubalifu huo huishia mlangoni mwa darasa, hususan darasa la Kiswahili huko Masisi, Kivu ya Kaskazini, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Burungu ni mahali pamoja katika nchi ya Bashali, upande wa Kitshanga, teritori ya Masisi. Mtoto anayeketi darasani huko hajifunzi Kiswahili kama lugha ya kwanza. Nyumbani kwao huzungumzwa Kihunde, au Kinyarwanda, ambacho wasemaji wake katika Masisi waliongezeka sana tangu mwaka 1937, serikali ya Kibelgiji ilipoanzisha mpango wa kuwahamishia huko watu kutoka Rwanda. Ukivuka kuelekea Walikale utakutana na Kinyanga, lugha ya utendi wa Mwindo ambao Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliuchapisha mwaka 1969, pamoja na lugha nyingine kadhaa. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wote hao: sokoni, barabarani, kanisani, na katika kambi za waliokimbia vita. Kitshanga ilipotekwa na waasi wa M23 mwezi Januari 2023, watu waliotawanyika kuelekea Sake na Goma walikuwa wa lugha za mama mbalimbali, na Kiswahili kilikuwa lugha waliyoweza kuulizana kwayo njia na maji. Ni lugha ya pili, lakini si lugha ya kigeni.

Hapa ndipo Kiswahili cha Masisi kinapotofautiana kabisa na Kiarabu kinavyofundishwa katika vyuo vya Pwani. Mwanafunzi wa Lamu au Unguja aliyefuata njia ya zamani huanza na al-Ajurrumiyya, kijitabu cha Ibn Ajurrum wa Fez aliyefariki mwaka 1323, na huweza kueleza sababu ya neno kutiwa dhuma kabla hajaweza kuomba glasi ya maji kwa Kiarabu. Kanuni humtangulia ulimi. Mtoto wa Burungu anakuja shuleni akiwa tayari anasema, anabishana na kutania kwa Kiswahili. Kanuni inamfikia ikiwa imechelewa, tena inamfikia kwa wino mwekundu.

Wino huo una historia. Kiswahili kiliingia mashariki ya Kongo katika nusu ya pili ya karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa Pwani na waungwana wao, waliofanya Nyangwe na Kasongo kuwa makao, na jina Kingwana linakumbusha asili hiyo. Mwaka 1928 mambo mawili yalitokea bila kuhusiana. Mjini Mombasa mkutano wa nchi zilizokuwa chini ya Waingereza uliichagua Kiunguja kuwa msingi wa lugha sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki ikaanza kazi kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Mwaka huo huo wa 1928, huko Wayika kando ya Lualaba, mmisionari John Whitehead alitoa kitabu cha kuifundisha Kingwana kama lugha yenye utaratibu wake. Njia ya Whitehead haikufuatwa sana. Misheni nyingi, na baadaye shule, zilielekeza macho Pwani na kuhubiri kile ambacho Kivu na Katanga bado hukiita Kiswahili bora. Jina hilo lenyewe ni hukumu, kwani penye bora lazima pawe na kilicho duni.

Ili kuona jinsi hukumu hiyo inavyofanya kazi katika daftari, ichukuliwe sentensi ifuatayo, iliyotungwa hapa kwa mfano kutokana na sifa za Kiswahili cha Kivu zinazofahamika vyema katika maandishi ya wanaisimu: Batoto benye balikuyaka ku masomo beko mu kalasi. Mwalimu aliyefunzwa Kiswahili sanifu angetaka: Watoto waliokuwa wakija shuleni wamo darasani. Akishika kalamu, karibu hakuna neno litakalosalimika. Batoto itakatwa, benye itakatwa, balikuyaka itakatwa mara mbili, ku na mu zitageuzwa kuwa viambishi tamati, masomo itapigiwa mstari kwa maana yake, kalasi kwa Ufaransa wake. Daftari litarudi jekundu na mwanafunzi ataambiwa hajui sarufi.

Lakini sentensi hiyo itazamwe tena, safari hii bila kalamu. Nomino imeanza kwa ba-. Kirejeshi kimeifuata kwa b-, kitenzi kikuu kwa ba-, na kitenzi cha mahali kwa b- tena. Upatanisho umehifadhiwa katika kila nafasi unapotakiwa, bila kuteleza hata mara moja. Kiambishi ba- chenyewe ni ndugu mkubwa wa wa-: ndicho kinachosikika katika Kinyarwanda, abantu, na ni Kiswahili cha Pwani kilichoidondosha b. Tamati -ka katika balikuyaka inaonyesha tendo lililorudiwarudiwa. Kiswahili sanifu hakina kiambishi kimoja cha kazi hiyo katika wakati uliopita, ndiyo maana hulazimika kutumia vitenzi viwili, waliokuwa wakija. Msemaji wa Kinyarwanda anayo tamati inayofanana nayo, kama katika yakoraga, alikuwa akifanya kazi. Neno -enye limechukua kazi ya kirejeshi, kama vile amba-, tanzu ya kitenzi cha zamani cha kusema, ilivyochukua kazi hiyo hiyo katika Kiswahili sanifu. Kinachoitwa kukosa sarufi kinageuka kuwa sarufi nyingine, na katika jambo la tendo la mazoea, sarufi yenye zana moja zaidi.

Jambo ni gumu zaidi katika nomino za vitu. Ichukuliwe sentensi ya pili: Kitabu yenye nilinunua iko mu nyumba, na wingi wake: Bitabu yenye nilinunua iko mu nyumba. Hapa hata msomaji mwenye huruma hushtuka. Ki- na bi- zimebaki kwenye nomino, lakini hazikuleta upatanisho wowote. Y- na i- zimetumika kwa umoja na kwa wingi sawia. Maelezo yanayotolewa kwa haraka vyumbani mwa walimu ni athari ya lugha ya mama. Maelezo hayo hayasimami hata kidogo. Mtoto huyo huyo, akizungumza Kinyarwanda na mama yake, husema igitabo cyanjye na ibitabo byanjye, akipatanisha umoja kwa namna yake na wingi kwa namna yake, katika mfumo wenye ngeli nyingi kuliko za Kiswahili sanifu. Hali ya Kihunde ni hiyo hiyo: ni lugha ya Kibantu yenye mfumo kamili wa ngeli, ambayo Mateene aliiandikia sarufi. Kama lugha ya mama ingekuwa imehamia kwenye karatasi, daftari lingejaa upatanisho, tena wa kupindukia. Mwanafunzi hakuileta kitabu yangu kutoka nyumbani. Aliipata katika Kiswahili chenyewe, kutoka kwa watu wazima wanaokisema vizuri, na amejifunza kile alichofundishwa.

Naye amejifunza nini? Amejifunza mfumo unaoligawa kundi la nomino kwa mstari mmoja: upande huu viumbe wenye uhai, mu- na ba-, wenye umoja na wingi, upande ule vitu, vyenye upatanisho mmoja usiojali idadi. Kwa mtazamaji wa Dar es Salaam hilo laonekana kama jengo lililobomoka. Kwa mtu anayejua Kiarabu halina ugeni wowote. Katika Kiarabu fasaha wingi wa wenye akili, yaani binadamu, hupatanishwa kwa wingi: rijal kiram, wanaume wakarimu. Wingi wa wasio na akili hupatanishwa kama umoja wa kike: kutub jadida, vitabu vipya, ambapo kivumishi hakioneshi wingi kabisa. Mistari hiyo miwili hailingani sawasawa, kwa sababu Kiarabu huwaweka wanyama upande wa vitu ilhali Kiswahili huwaweka upande wa watu. Lakini wazo ni moja: wingi wa vitu hauhitaji kuhesabiwa tena katika kila neno linalofuata. Waarabu huita hiyo kanuni, huitungia sura katika vitabu, na humkosoa anayeivunja.

Sasa, mwanafunzi wa Pwani anayejifunza Kiarabu hukwama mahali hapo hasa. Amezoea vitabu vipya vizuri vyangu, kila neno likibeba wingi wake, naye anapoandika Kiarabu hushawishika kukipa kivumishi umbo la wingi. Mwalimu wake humweleza kwa upole kwamba Kiarabu kina mpaka kati ya wenye akili na wasio na akili, na kwamba asijali, atazoea. Hakuna anayemwambia kwamba Kiarabu ni lugha ya wavivu iliyotupa ngeli zake. Mtoto wa Masisi, ambaye Kiswahili chake kina kanuni inayokaribiana na hiyo, hukwama upande wa pili, akielekea Kiswahili sanifu. Mpaka anaopaswa kuuvuka ni ule ule, ila umegeuzwa. Yeye hapewi maelezo. Hupewa sufuri.

Aidha, Kiswahili sanifu hakina haki ya kujiona safi katika jambo hili. Chenyewe kimekwisha kupiga hatua ya kwanza ya safari ambayo Kiswahili cha Kivu kimeimaliza. Kiboko ni nomino ya KI-VI kwa umbo, lakini husemwa kiboko mkubwa ameingia, si kiboko kikubwa kimeingia. Vipofu wote wamefika, si vyote vimefika. Uhai umeishinda ngeli. Kisha nusu ya mlango imeachwa wazi, kwani husemwa rafiki yangu, na marafiki zangu, huku kitenzi kikifuata A-WA. Vivyo hivyo katika hesabu: vitabu vinne, vitabu vitano, na ghafla vitabu sita, vitabu saba, upatanisho ukarejea kwenye vinane na kupotea tena kwenye tisa. Sababu inajulikana: sita, saba na tisa ni maneno yaliyotoka Kiarabu, nayo hayakukubali kuvishwa viambishi. Mwanafunzi wa kigeni huyakariri hayo bila kunung'unika. Laiti vitabu sita ingekuwa imezaliwa Goma, pengine ingehesabiwa miongoni mwa makosa.

Nadharia ya kuyaona haya haikukosekana. Tangu mwaka 1967, S. Pit Corder alipotofautisha kuteleza kwa kalamu na kosa linaloonyesha mfumo ulio kichwani mwa mwanafunzi, na mwaka 1972 Larry Selinker alipoupa mfumo huo jina la lugha ya katikati, walimu wa lugha za kigeni wamekuwa wakiambiwa wasome makosa kabla ya kuyahesabu. Hata hivyo nadharia hizo zilidhania mwanafunzi anayesafiri kutoka lugha A kwenda lugha B. Masisi kuna kituo cha tatu njiani, Kiswahili cha mazungumzo, nacho ndicho kinachoandika. Charles Ferguson, katika makala yake maarufu ya mwaka 1959, alikichukua Kiarabu kuwa mojawapo ya mifano yake minne ya jamii yenye lugha moja ya namna mbili, ya juu na ya chini, kila moja na mahali pake. Mwalimu wa Cairo anajua kwamba mtoto ameleta ammiyya shuleni na kwamba fusha itafundishwa kama kitu kingine. Mwalimu wa Masisi hajapewa ruhusa ya kujua hivyo. Vitabu vinamwambia kwamba kuna Kiswahili kimoja, na kwamba mtoto anakisema vibaya.

Pamoja na hayo, wapo wahakiki waliokimbilia upande wa pili kwa kasi ile ile, wakitaka kila alama iliyo katika daftari iheshimiwe kama kanuni. Huko nako ni kumnyima mwanafunzi haki yake. Upatanisho wa i- kwa vitu ni mfumo. Mgawanyo wa maneno katika maandishi mengi ya Kikongo si mfumo. Mwandishi mmoja, katika ukurasa mmoja, aweza kuandika ninaenda, ni naenda na ni na enda, bila sababu inayoonekana. Mfano unaojulikana zaidi unatoka Katanga: historia ya mji wa Elisabethville iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa Kiswahili cha huko, na iliyotolewa upya na Johannes Fabian mwaka 1990. Mipaka ya maneno na sentensi katika andiko hilo ilitatiza kiasi kwamba Fabian alihitaji msaada wa Kalundi Mango, aliyelisoma kwa sauti ili maana ipatikane. Maelezo ya kiisimu yakaongezwa na Walter Schicho. Sauti ilipoingia, sarufi ikaonekana. Hilo lathibitisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba Yav alikuwa na sarufi timamu, na kwamba maandishi yake hayakuweza kusimama bila mdomo wa mtu wa kwao. Andiko linalohitaji mwenyeji alisome ndipo lieleweke halijamfikia msomaji wa mbali, na barua nyingi za maana katika maisha ya mtu wa Masisi huandikiwa msomaji wa mbali.

Ndiyo sababu tahajia ifundishwe kwa ukali, na upatanisho ufundishwe kwa ulinganisho. Kuchanganya mambo hayo mawili chini ya wino mmoja kuna madhara ambayo walimu wenyewe huyaona bila kuyapa jina. Mwanafunzi aliyekatiwa yangu mara kumi, bila kuambiwa kwamba kuna mpaka, hujifunza jambo moja tu: y- ni hatari. Ndipo aweza kuikimbia hata pale ilipo sahihi, akaandika nyumba changu au habari chako. Aliyekatiwa apa na apana kwa kukosa h huanza kuipachika h kwa tahadhari, akaandika hakili kwa akili, na hanasoma pale alipokusudia anasoma. Makosa ya namna hii ndiyo mabaya kuliko yote, kwa kuwa hayamo katika Kiswahili cha Kivu wala katika Kiswahili sanifu. Yamezaliwa darasani. Wazazi wa mtoto wasingeyasema kamwe.

Sheria ya elimu ya Kongo ya mwaka 2014 inazitambua lugha za taifa na lugha za mazingira kuwa lugha za kufundishia, na kwa utaratibu wa shule Kiswahili hutumika katika madarasa ya mwanzo kabla ya Kifaransa kushika usukani. Muda wa kuandika Kiswahili ni mfupi, basi. Tangu nchi hiyo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, haja ya Kiswahili kinachosomeka Arusha na Mombasa imeongezeka, na hakuna hoja katika makala haya inayoikana haja hiyo. Kinachokanwa ni dhana kwamba njia ya kukifikia Kiswahili hicho ni kumwaminisha mtoto kuwa alikuja shuleni mikono mitupu.

Kazi inayopendekezwa si kubwa. Chini ya Bitabu yenye nilinunua iko mu nyumba, mwalimu aweza kuacha kukata, akaandika mstari wa pili, Vitabu nilivyonunua vimo nyumbani, kisha akamwuliza mwanafunzi aliyetoka nyumba ya Kinyarwanda aandike mstari wa tatu kwa lugha ya mama yake. Bi- ya ibitabo byanjye na vi- ya vitabu vyangu zitakaa moja chini ya nyingine, na mtoto ataona kwamba upatanisho anaodaiwa na Kiswahili cha shule anao tayari, ila aliuacha nyumbani kwa kuwa sokoni hakuna aliyemwuliza. Mistari hiyo mitatu haihitaji kitabu kipya wala mkaguzi kutoka Kinshasa. Inahitaji mwalimu ambaye naye, chuoni kwake, aliwahi kuambiwa kwamba mstari wa kwanza ni Kiswahili.